Liam wa Shangani ni Wiliamu wa Lupaso

Mtwara ya siku hizi ukialikwa bethidei ya mtoto, kabla hujasogelea pilau isome keki. Jina lililochorwa pale juu kwa krimu ya bluu ndilo linalokwambia wazazi wapo kwenye mudi gani. Liam. Ryan. Jayden. Brian, au Bryan, au Brayani, inategemea nani alishika kalamu siku ya kuandikisha cheti. Dingi ni Hamisi, babu ana jina la Kimakonde ambalo ukilitamka ovyo unachekwa, bimkubwa katokea Nanyamba, ila dogo ni Liam. Muulize mshua wake jina lina maana gani, anakujibu kiroho safi: "La kizungu tu mwanangu, lina mzuka."

Kwenye mzuka sina neno. Ishu yangu ni hiyo "tu". Haya majina tunayoyaona mapya, ya kwenye simu na kwenye jezi, mengi yana ndugu zao wamezeekea huku huku kusini, wengine wameshazikwa Masasi na Newala, na sisi tunawapita bila hata shikamoo.

Mchukue huyo Liam. Liam ni William aliyekatwa kichwa. Waayalandi walilipokea William wakaliandika Uilliam kwa lugha yao, baadaye wakaona refu, wakabaki na mkia: Liam. Ni mchezo uleule ambao kitaa kinamfanyia Abdallah mpaka anakuwa Dula. Na William lenyewe wala si la Kiingereza cha asili. Ni la Kijerumani cha kale, vipande viwili vimeunganishwa: kimoja ni nia, kingine ni kofia ya vita. Lilitia nanga Uingereza mwaka 1066 na William wa Normandy, jamaa aliyevuka bahari kutoka Ufaransa, akapiga watu, akakalia kiti. Mwaka 1169 Wanormani wakavuka tena kwenda Ayalandi, jina likavuka nao.

Sasa rudi nyumbani. Rais wa awamu ya tatu, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, jina lake kamili lilikuwa Benjamin William Mkapa. Huyo William wa katikati ni mzee wake. Kwa hiyo mzee wa Lupaso wa enzi za mkoloni na mtoto wa Shangani, Mtwara mjini, mwenye tableti yake ni somo, wajina kabisa. Mmoja kalivaa jina zima, mwingine kavaa mkia. Na kama baba Liam anaendesha boda, ndiyo imenoga zaidi: kampa mwanae jina la helmeti, kitu ambacho yeye mwenyewe anakivaa akiona trafiki tu.

Dada zetu nao wamo. Akina Doreen, Noreen na Maureen wamejaa, kuanzia saluni za Majengo mpaka vyuoni. Ule mkia wa mwisho ni wa Kiayalandi, kazi yake kudogosha. Maureen ni Máirín, Mary mdogo, yaani Mariamu mdogo. Ukienda Mikindani kwenye nyumba yoyote ya Kiislamu ukamkuta Mariamu wa miaka mitatu anachezea makombe barazani, huyo ndiye Maureen halisi, hana haja ya kubadilisha kitu. Noreen ni Nora mdogo. Doreen lilishika chati Uingereza baada ya Edna Lyall kutoa riwaya yenye jina hilo mwaka 1894. Sheila, ambalo ukilisikia unaona kabisa ni la binti wa mjini mwenye kucha ndefu, ni Síle, jinsi Waayalandi wanavyomtamka Sesilia. Na masista wetu wenye jina la Sesilia wapo tele, wanapika uji wa watoto yatima saa kumi na moja alfajiri, hawana habari na kucha. Irene usimtie kwenye hili kundi. Huyo ni Mgiriki, jina lake ni amani, kafanana na wenzake mkia tu.

Pale ambapo kijiwe huwa kinagoma kabisa ni kwa Shawn. Shawn ni Seán iliyoandikwa ki-Marekani, Seán ni John kwa Kiayalandi, John ni Yohana, na Yohana kwa Kiarabu ni Yahya. Wana wanakataa. "Yaani Yahaya wa pale msikitini na Shawn wa kwenye muvi ni jina moja?" Ndiyo, ebana. Nabii mmoja. Baba aliyemkimbia Yahaya akaenda kwa Shawn ili awe kisasa kahama chumba tu, nyumba ni ileile.

Ila tusijifanye kwamba majina haya siku zote yalifika na keki. Ya mwanzo yalifika na minyororo. Bonde la Ruvuma lilikuwa njia ya misafara ya Wayao, pembe na watu wakiteremshwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa kuja pwani, Kilwa na Mikindani humu. Machi 1866 Livingstone alishukia Mikindani akaanza kupandisha Ruvuma, na kwenye kundi lake alikuwemo kijana wa Kiyao, Chuma. Huyu alikombolewa kwenye msafara wa watumwa mwaka 1861 akiwa dogo, na baadaye akabatizwa Bombay. Jina la kubatizwa: James. Mwenzake Susi alikaa na jina lake muda mrefu, kaja kubatizwa Zanzibar mwaka 1886, akachukua David, jina la yule mzee aliyezunguka naye maporini miaka yote.

Kisha kuna Jacob Wainwright, na huyu ndiye stori yake inanikaa kichwani. Myao vilevile, alikamatwa, akakombolewa na Waingereza, akapelekwa shule ya Nasik huko India. Huko wakampa jina la kwanza na la ukoo, full seti. Mwaka 1872 alirudi Afrika kwenye kundi la watu waliotumwa kwa Livingstone. Mzee alipofariki kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, Wainwright ndiye aliyesoma ibada na kuchonga jina la marehemu kwenye mti. Tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa Westminster Abbey, London, miongoni mwa waliobeba jeneza, Mwafrika peke yake kwenye ile safu. Sasa hilo jina. Wain ni mkokoteni, wright ni fundi. Kijana wa Kiyao, ambaye kwao mizigo ilibebwa kichwani na mabegani, kazikwa Urambo mwaka 1892 akiwa ni Bwana Fundi Mikokoteni.

Na angalia chuma kinavyokutana na chuma: James na Jacob ni jina moja. Yote mawili ni Yakobo, Yakubu. Ayalandi wanasema Séamus. Vijana wawili wa Kiyao, wote wawili majina wamepewa ng'ambo ya bahari, wote wakaangukia kwa nabii mmoja, na wote wakamzika mzee mmoja.

Hapo kwenye ukoo nikae kidogo, maana ndipo tunapowaogopa Waingereza bure. Sikia Smith, Taylor, Cooper, unaona kabisa watu wa suti. Smith ni mhunzi. Taylor ni fundi cherehani. Cooper ni fundi mapipa, Baker ni mwoka mikate. Fungua simu yako uone ulivyosevu watu: Hamisi Boda, Asha Vitumbua, Musa Fundi Simu, Saidi Mrefu, Juma Msimbati, Ali wa Mzee Bakari. Waingereza walifanya hivyo hivyo karne kadhaa nyuma, akina John wakiwa wengi mtaani ikabidi watofautishwe. John mrefu akawa Long, John wa mlimani akawa Hill, mtoto wa John akawa Johnson. Wao makarani wakayaandika, watoto wakarithi, yakaganda. Ya kwetu yanafutika ukibadilisha simu. Livingstone naye ni kijiji tu huko Uskoti, mji wa mtu aliyeitwa Leving, hakuna cha jiwe linaloishi wala nini.

Kabla ya Uhuru tulikuwa na Mwingereza mstaafu pale Msimbati, Latham Leslie-Moore, mzee mwenye visa vyake, aliyejitangazia nchi yake mwenyewe pale ufukweni, mpaka akawa anajulikana kama Sultani wa Msimbati. Moore kwa Kiingereza cha zamani ni mtu wa nyika au wa ardhi ya majimaji. Jamaa kapita bahari zote kaja kuishia jirani na mikoko ya mlango wa Ruvuma. Jina lilikuwa limeshamtangulia.

Turudi kwa wamisionari, kwa sababu bila wao Masasi isingekuwa na akina Alfredi. UMCA, ile misheni ya vyuo vikuu, ilizaliwa baada ya hotuba ya Livingstone pale Cambridge mwaka 1857. Walioanza ni Oxford na Cambridge, wakaja kuungwa na Durham na Dublin, kwa hiyo Ayalandi ilikuwa kwenye mtumbwi toka mapema. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alileta Masasi kundi la waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar, wakaanzisha makazi. Edward, kwa wanaopenda maana, ni mlinzi wa mali.

Katika kizazi kile alitokea Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa Zanzibar. Mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza kwenye misheni ile, na kazi kubwa akaifanya Chitangali, huku kwetu. Mwaka huohuo wa 1890 Waziri Mkuu wa Uingereza, Lord Salisbury, alikaa na Wajerumani wakagawana pwani yetu, kisiwa cha Heligoland kikaenda kwa Wajerumani, Zanzibar ikabaki kwa Waingereza. Jina la ukoo wa Salisbury? Cecil. Ukoo wa mabwana wakubwa wa London, na kijana wa Ruvuma aliyepitia sokoni, jina moja mwaka mmoja. Na wale mabwana wenyewe jina walilitoa Welisi, kwa watu waliokuwa wakiitwa Seisyllt. Lakini mimi napenda nusu ya pili zaidi, Majaliwa, yale Mungu aliyomkadiria mtu. Cecil halijafa huku: Ndanda imewahi kuwa na mbunge Cecil Mwambe. Majaliwa nalo unalijua lilipofika, mtoto wa Ruangwa kakaa nalo kwenye uwaziri mkuu miaka kumi.

Padri mwingine wa Masasi aliyejulikana sana ni Kolumba Msigala, mzee aliyeacha kumbukumbu zake ambazo wanahistoria bado wanazitafuna. Kolumba ni Mwayalandi mtupu. Yule wa asili alizaliwa Donegal mwaka 521, mwaka 563 akavuka kwenda kisiwa cha Iona kuhubiri Uskoti, kafia huko 597. Kwa Kilatini jina lake ni njiwa. Kwa hiyo kabla Liam hajatua Shangani, kabla ya Ryan na Brian, jina la Kiayalandi lilikuwa limeshavaa kanzu Masasi na lilikuwa linaongoza misa.

Kuna kitu wengi hawajakishtukia kwa wale mababu wa Masasi na Newala. Waingereza wa kale, kabla ya 1066, walikuwa na majina yao wenyewe: Alfred, Edwin, Edmund, Wilfred, Hilda, Edith, Mildred. Wanormani walipoingia na akina William, Robert na Richard, yale ya zamani mengi yakazimika, yakaonekana ya kishamba. Karne ya 19, enzi za Malkia Victoria, Waingereza wakaanza kuona fahari na mambo ya mababu zao, wakayafufua. Na ndiyo karne waliyopanda meli kuja huku. Kwa hiyo bibi Hilda wa Newala, anayeuza ming'oko na chumvi ya pilipili kwenye karai, ana jina la Kiingereza kuliko hata John na George. Hilda ni vita. Edwin ni rafiki wa mali. Wilfred ni mtaka amani. Alfred ndiyo usiseme: kipande cha kwanza ni wale viumbe wasioonekana ambao sisi pwani tungewaita majini, cha pili ni shauri. Aliyeshauriwa na majini. Mzee wa kanisa, kashika biblia mkono wa kuume, na jina ambalo mganga wa Msimbati angelipa heshima zake.

George, kwa kuwa nimemtaja: la Kigiriki, maana yake mkulima. Ndiyo maana George Mkuchika kuwa mbunge wa Newala, kwenye mikorosho ile, naona ilipangwa.

Ila madini yenyewe yapo Ndanda. Hapa watu wanasema basi, wamisionari hawa walikuwa Wajerumani, majina yao ya Kijerumani, yameisha. Wabenediktini walijenga Ndanda mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya Maji Maji kuteketeza misheni zao za Lukuledi na Nyangao. Wakaja na kalenda yao ya watakatifu, na ndipo kusini tukapata akina Bonifasi, Walburga, Lioba, Kiliani, Gallusi, Kolumbani. Majina ya Kijerumani, si ndiyo? Bonifasi alikuwa Mwingereza wa Devon, jina lake la nyumbani Winfrith. Alikwenda kuwahubiria Wajerumani, akaja kuuawa na Wafrisia mwaka 754. Lioba alikuwa ndugu yake, naye Mwingereza. Walburga, Mwingereza wa Devon vilevile. Gallusi alikuwa mfuasi wa Kolumbani, wakatoka wote Ayalandi kwa miguu na mashua. Mwenzake akaendelea Italia, yeye akabaki Uswisi, na mji wa St. Gallen umebeba jina lake mpaka leo. Ndiyo maana abate Mswisi wa Peramiho aliitwa Gallus Steiger.

Kiliani ndiye ninayempenda. Mwayalandi aliyeuawa Würzburg mnamo mwaka 689. Wamonaki wengi wa Ndanda walitokea Münsterschwarzach, monasteri iliyo jirani na hiyo hiyo Würzburg, na watu wa kule Kiliani kwao ni kama mtakatifu wa mtaani. Fikiria mzunguko wake. Jina linatoka Ayalandi, linakaa Ujerumani zaidi ya miaka elfu, linapanda meli, linashukia pwani ya Lindi, linapanda na wapagazi mpaka chini ya mlima wa Makonde, na leo kuna mzee wa Kimakua analo, anapalilia mikorosho yake, na mjukuu wake anamwona babu ana jina la kishamba. Mjukuu mwenyewe anaitwa Kevin.

Kevin naye ni mtakatifu wa Ayalandi, yule wa Glendalough, aliyefariki mwaka 618. Hao wawili, babu Kiliani na mjukuu Kevin, wametoka kisiwa kimoja na karne moja. Babu kaja kwa njia ya Ujerumani, mjukuu kaja kwa njia ya runinga.

Na Bongo tuna kitu chetu: Kevin tumemchanganya na Kelvin mpaka Kelvin kawa mwingi kuliko mwenyewe. Kelvin si mtakatifu, ni mto, unapita Glasgow. Ulimkuta kidato cha pili kwenye fizikia, zile digrii za joto zisizoandikwa digrii. Mwanasayansi yule alizaliwa Belfast mwaka 1824, mwaka 1892 akapewa ulodi, akachagua jina la mto uliokuwa unapita karibu na chuo chake. Kabla ya hapo alikuwa anaitwa William Thomson. Wiliamu tena! Huyu mzee wa Lupaso ana ndugu kila kona.

Nairobi wameshawamaliza hawa zamani. Kwenye Sheng Brian ni Brayo, Kevin ni Kevo, Dennis ni Denno, na ukimwita kwa jina kamili anajua kuna noma. Huku kwetu Brian bado tunamheshimu, tunamwandika zima kwenye tenki la pikipiki. Na tuna haki, alikuwa mfalme. Brian Boru, mfalme mkuu wa Ayalandi, aliuawa kwenye vita vya Clontarf mwaka 1014. Wajukuu zake ndio O'Brien, kwa sababu ile O yao ni mjukuu wa, na Mac ni mwana wa, bin kabisa. Mabinti wana lao, Ní. Sisi tuliozoea mtoto kubeba jina la baba tunawaelewa hawa jamaa kuliko Mwingereza anavyowaelewa.

Sasa kaa vizuri. Kennedy nalo unalijua, limejaa Afrika Mashariki toka miaka ile ya sitini, yule rais wa Marekani kijana, Mwayalandi kwa asili. Mwalimu Nyerere alimtembelea Washington Julai 1963, Novemba Kennedy akauawa, na watoto wakaendelea kuitwa Kennedy. Maana yake ni kichwa chenye helmeti. Wapo wanaolisoma kichwa kibaya, chagua mwenyewe. Lakini baba mzazi wa Brian Boru alikuwa anaitwa Cennétig, ambalo ndilo hilo hilo Kennedy. Mfalme mzima wa Ayalandi, ukimwandika kwenye rejesta ya shule ya msingi kwa mtindo wetu wa Tanzania, anasomeka Brian Kennedy. Nenda shule yoyote ya Mtwara mjini kamtafute, humkosi, na pengine kachelewa namba.

Jezi nazo zinaleta zake. Declan alikuwa mtakatifu wa Ardmore. Declan wa wana wa Arsenal aliichezea Ayalandi mechi tatu za kirafiki kisha akahamia Uingereza, ila jina hakuliacha. Ukoo wake tunaukausha, wana wa Arsenal hawataki utani wa wali.

Ukitaka kuona majina yanavyozingua, panda mtumbwi Kilambo uvuke Ruvuma kwenda Msumbiji. Ukoo mmoja, Kimakonde kimoja, mto katikati. Upande huu Mwingereza alipita, upande ule Mreno. Edward wa Mtwara akiwa na binamu ng'ambo ni Eduardo. William ni Guilherme. John ni João, na hapo tumeshamjumlisha Shawn na Yahaya. Eduardo Mondlane, kiongozi wa kwanza wa FRELIMO, chama kilichoundwa Dar mwaka 1962, alikuwa mlinzi wa mali yuleyule wa Askofu Steere. Vita vya ukombozi viliwaleta wengi upande huu, na watoto waliozaliwa huku wengine wana majina mawili kabisa, moja la kuvukia, moja la kurudia.

Majina mawili wala si ajabu kwetu. Wamakonde, Wamakua na Wayao, mtoto akitoka jando anapewa jina jipya, na lile la utotoni linakufa. Ukimwita mtu mzima kwa jina lake la kabla ya jando umemtukana mbele za watu. Askofu Vincent Lucas wa Masasi alilielewa hilo, badala ya kupiga marufuku jando akatengeneza jando la Kikristo, akaliingiza kwenye kanisa. Kwa hiyo mzee mmoja wa Masasi unaweza kumkuta na la kuzaliwa, la jandoni, la ubatizo, na la kazini. Mtoto wa siku hizi anayejiita jina jingine Instagram na jingine kijiweni hajavumbua kitu.

Na mbabe wa hii kazi katoka kwetu. Kazaliwa Chitoholi, kwa wazazi ni Rajabu, mwezi wa saba wa Kiislamu. Kaingia mjini, kajiita Harmonize, Kiingereza. Dar enzi hizo ukisema wewe Mmakonde unataniwa mpaka unatamani uwe Mmanyema. Jamaa mwaka 2019 kajitoa kwenye lebo kubwa, kaanzisha yake, na jina alilolipachika mbele si la Kiingereza wala la Kiarabu: Konde. Konde Gang. Konde Boy. Ghafla watoto wa Sinza ambao hawajawahi kuiona korosho mtini wanajiita Konde. Mpira nao tunautazama kwenye Uwanja wa Nangwanda Sijaona, jina la waziri wetu wa zamani, na hakuna aliyewahi kusema liondolewe liwekwe Brayden.

Sasa Ryan. Ryan kwao ni ukoo, Ó Riain, na wengi wanalieleza kuwa ni mfalme mdogo. Makarani wa Kiingereza huko Ayalandi waliandika walivyosikia, likatoka Ryan. Mshikaji wangu mmoja wa Chuno alikwenda kuandikisha mwanae kwenye ofisi moja, akamtajia karani Ryan, karani akaandika alivyosikia: Rayani. Jamaa kamaindi ile mbaya, karudi nyumbani na karatasi anafoka, analalamika wamemharibia mtoto. Bibi wa mtoto, ambaye toka siku ya kwanza alikuwa amelisusia hilo jina la kizungu na kumwita dogo "we mtoto" tu, akaomba asomewe. Akasomewa. Rayani! Bibi kaweka chini ungo wa mchele. Pepo ina mlango unaoitwa Rayyani, wanaupitia wafungaji peke yao, na dogo kazaliwa ndani ya Ramadhani. Cheti hakikurudishwa. Baba anamwita Ryan, bibi anamwita Rayani, na mtoto anaitikia kote kote akisikia kuna vitumbua.